Mapigo 36 kwa Dakika ni Kasi Gani?

Anayetazama mbio za makasia kwenye televisheni huona namba mbili chini ya picha: kasi ya boti na mapigo kwa dakika. Mtangazaji akipaza sauti kwamba boti ya pili imepanda hadi 40, mtazamaji huchukulia moja kwa moja kwamba imeongeza mwendo. Huenda imeongeza. Huenda pia inakwenda vile vile, ila waliomo sasa wanachoka haraka zaidi. Namba hiyo ya mapigo ndiyo inayosomeka pia kwenye kifaa kidogo kilichopachikwa mbele ya mshika usukani, na ukiacha kuhakikisha boti haigongi kitu, sehemu kubwa ya kazi yake ni kujua lini aiamini na lini aiache ipite.

Tuanze na boti yenyewe, maana bila kuiona vizuri namba hizi hazina mashiko. Boti ya watu wanane ina urefu wa mita 17 au 18 hivi. Wapigakasia wamekaa mstari mmoja wakitazama tezi, yaani nyuma ya boti, kwa hiyo wanakwenda kinyumenyume na hawaoni waendako. Anayeona ni mtu wa tisa, mshika usukani, aliyekaa tezini akiwaelekea. Katika boti nyingi za watu wanne zenye mshika usukani mambo hugeuka: yeye hujilaza omoni, yaani mbele ya boti, kichwa na mabega tu vikiwa nje, na wenzake wote wako nyuma yake. Haoni kasia hata moja. Anayoyajua kuhusu boti yake yanapitia masikioni, mgongoni, na kwenye skrini iliyo mbele ya pua yake.

Pigo moja ni mzunguko mzima. Mpigakasia anateleza na kiti chake juu ya reli huku magoti yakikunjika, anachovya kasia, anasukuma kwa miguu na kuvuta kwa mgongo na mikono, anachomoa kasia, kisha anarejea kwa ajili ya pigo linalofuata. Tangu kuchovya hadi kuchovya tena, hilo ni pigo moja. Likichukua sekunde 3, ni mapigo 20 kwa dakika. Likichukua sekunde 1.5, ni mapigo 40. Mazoezi marefu ya kujenga pumzi hufanyika kwenye 18 hadi 20. Katikati ya mbio za mita 2000, umbali unaotumika Olimpiki na mashindano ya dunia, boti ya wanane hukaa kati ya 36 na 40. Inapochomoka kutoka mstari wa kuanzia hufika 45 na kuzidi, lakini kwa mapigo machache tu.

Hesabu hii haihitaji umeme hata kidogo. Makocha wengi bado wanabeba saa ya mkononi: unabonyeza kasia linapoingia majini, unahesabu mapigo matatu kamili, unabonyeza tena, kisha unagawanya 180 kwa sekunde ulizopata. Mapigo matatu kwa sekunde 5 ni 36. Saa zilizotengenezwa kwa ajili ya mchezo huu hufanya mgawanyo huo zenyewe. Shida ni kwamba mshika usukani mikono yake imeshika kamba za usukani, na macho yake yako mbele. Hana nafasi ya kubonyeza saa kila baada ya mapigo matatu.

Ndipo kifaa kilipoingia. Kinachojulikana zaidi ni Cox-Box ya Nielsen-Kellerman, kampuni iliyoanzishwa Marekani mwaka 1978 na Richard Kellerman na Paul Nielsen. Jina hilo limezoeleka kiasi kwamba wengi hulitumia hata kwa kifaa cha kampuni nyingine. Uingereza kuna CoxOrb, na siku hizi hata simu yenye programu inayofaa inaweza kutoa hesabu ya mapigo. Ukikifungua kifaa cha kawaida utakuta kazi tatu zimewekwa pamoja: amplifaya ya kupeleka sauti kwenye spika, saa, na kihesabio cha mapigo. Vipya vimeongezewa GPS.

Sumaku chini ya kiti

Njia ya kwanza ya kuhesabu mapigo ni rahisi ajabu. Chini ya kiti cha mpigakasia mmoja hubandikwa sumaku ndogo, na chini yake, kwenye sakafu ya boti, hufungwa kihisi chenye waya unaokwenda hadi kwenye kifaa. Kiti kikipita juu ya kihisi, kifaa kinasajili. Kiti hupita mara mbili katika kila pigo, kikienda na kikirudi, na kifaa kimetengenezwa kuzihesabu kama safari moja. Ukigawanya 60 kwa sekunde za mzunguko mmoja, namba inajitokeza.

Urahisi huo ndio nguvu yake na ndio udhaifu wake. Kwa kuwa kinachohesabiwa ni kiti, kifaa hakijui lolote kuhusu kasia. Kocha akiamuru zoezi la kuvuta kwa mikono pekee, miguu ikiwa imenyooka, viti havitembei, na skrini inabaki tupu au inaganda kwenye namba ya zamani ingawa boti inasonga. Akiamuru nusu ya mwendo wa kiti, yote yanategemea kihisi kimefungwa wapi: kama kipo nje ya eneo ambalo kiti sasa kinafika, kimya. Sumaku ikidondoka, au kiti cha boti nyingine kikawekwa kwa haraka asubuhi, kimya vile vile. Mshika usukani mgeni hudhani kifaa kimeharibika. Mzoefu huinama kwanza kutazama chini ya kiti.

Njia ya pili haitumii sumaku. Ndani ya kifaa kuna kihisi cha mchapuko, kinachopima namna boti inavyoongeza na kupunguza mwendo. Boti ya makasia haiendi kwa mwendo mmoja. Husukumwa, huteleza, hukwama kidogo, husukumwa tena. Ule mkwamo wa kila pigo, wakati makasia yanapoingia majini, unaonekana kwenye kihisi kama bonde, na kifaa huhesabu mabonde. Hapa hakuna waya wa kufunga, na zoezi la mikono pekee linahesabika. Lakini boti ikiwa na watu wanane wasiochovya pamoja, au mawimbi ya boti ya injini yakipita, mabonde huvurugika na namba huanza kurukaruka.

Kurukaruka kwingine si kosa la mtu, ni la hesabu yenyewe. Kwenye mapigo 20, ili namba ishuke hadi 19, pigo lazima lichelewe kwa sekunde 0.16 hivi. Kwenye mapigo 40, sekunde 0.04 tu inatosha kukushusha hadi 39. Ndiyo maana namba iliyotulia kama jiwe wakati wa mazoezi hucheza 38, 40, 39, 38 siku ya mbio, hata kama wapigakasia hawajabadili chochote. Mshika usukani anayetangaza kila badiliko la namba moja wakati wa mbio anawatangazia wenzake makosa ya upimaji. Afadhali asome mapigo manne au matano kwa jicho, apate wastani kichwani, ndipo aseme.

Na kuna kuchelewa. Namba inatokea pigo likishakwisha. Haiwezi kutokea kabla. Mshika usukani akisema "ongeza mawili, baada ya mapigo mawili," anahitaji mapigo mawili ya kujiandaa, moja la kubadilisha, na jingine au mawili zaidi kabla skrini haijamwonyesha kama wamemsikia. Kwenye mapigo 36 hizo ni kama sekunde 8, sawa na mita 40 na ushei za maji. Akikosa subira akatoa amri ya pili kabla ya jibu la kwanza kufika, boti inapanda mara mbili zaidi ya alivyotaka.

Kupiga mara nyingi, kwenda umbali gani

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe. Mapigo kwa dakika yanajibu swali la "mara ngapi". Kasi inajibu swali la "umbali gani kwa muda gani". Kati ya maswali hayo mawili kuna la tatu ambalo vifaa vingi vya zamani havikulionyesha: kila pigo linaisogeza boti mita ngapi? Ni kama watu wawili wanaotembea barabarani, mfupi anayepiga hatua za haraka na mrefu anayetupa miguu taratibu: ukihesabu hatua tu huwezi kusema nani atafika kwanza.

Chukua boti inayokwenda mita 5.5 kwa sekunde ikipiga mapigo 34. Zidisha kwa 60, gawanya kwa 34: kila pigo linaipeleka mita 9.7. Mshika usukani anaitisha 36. Wanaitikia, skrini inaonyesha 36, kila mtu anajisikia shujaa. Lakini tuseme kasi imebaki mita 5.5. Sasa kila pigo ni mita 9.17. Wamepoteza zaidi ya nusu mita kwenye kila pigo, na kwa mbio nzima ya mita 2000 watapiga mapigo 218 badala ya 206, wafike kwa muda ule ule. Mapigo 12 ya bure, ya watu wanane.

Boti ya wanane ya Ujerumani iliyoweka muda bora wa dunia huko Poznań mwaka 2017, dakika 5 na sekunde 18.68, ilikwenda wastani wa karibu mita 6.28 kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, boti inayopiga 39 inahitaji kusogea mita 9.66 kila pigo. Ikipanda hadi 41 huku kasi ikibaki, ni mita 9.19. Mchezo huu husema "muda bora" na si "rekodi" kwa sababu inayoeleweka: maji na upepo havifanani siku mbili.

Kwa nini pigo lifupike mapigo yakiongezeka? Tazama muda unakwenda wapi. Kwenye mapigo 20, kati ya sekunde 3 za mzunguko, kuvuta huchukua karibu sekunde 1 na kurejea huchukua mbili zinazobaki. Kwenye 36 mzunguko mzima ni sekunde 1.67. Kuvuta hakuwezi kufupika sana, kwa sababu maji ni mazito na miguu ina kikomo chake, kwa hiyo sehemu kubwa ya muda hukatwa kwenye kurejea. Watu waliokuwa wanateleza taratibu sasa wanakimbilia mbele. Wanaokimbilia hufika hawajajipanga. Hukata mwendo wa kiti kabla ya mwisho, au huvuta kabla kasia halijazama sawasawa. Skrini inasema 36. Kasia linasema vingine.

Hapo pana jambo ambalo wapenzi wengi wa mchezo huu hawalijui, na mimi naona ndilo zuri kuliko yote. Watu wanane wenye kilo 90 kila mmoja ni kilo 720. Boti wanayoikalia, kwa uzito wa chini unaoruhusiwa, ni kilo 96. Kwa hiyo uzito mkubwa hauko kwenye boti, uko kwenye miili inayokwenda mbele na nyuma juu ya reli. Wapigakasia wanaporejea kuelekea tezi, boti iliyo chini yao hutupwa upande wa omo. Matokeo yake ni kinyume cha unavyotarajia: boti inakwenda kasi zaidi makasia yakiwa hewani, na inakwenda polepole zaidi mara tu baada ya makasia kuingia majini. Wakifika mwisho wa reli kwa kishindo, lazima wasimamishe kilo zao 720 kwa kusukuma ubao wa miguu, na ubao wa miguu umefungwa kwenye boti. Wanaisukuma boti yao wenyewe irudi nyuma.

Maji nayo hayasamehe. Ukinzani wake hukua kwa mraba wa kasi, na nguvu inayohitajika hukua kwa mchemraba. Ukitaka kutoka dakika 1:31 kwa kila mita 500 hadi 1:30, kasi inapanda kwa asilimia 1.1 tu, lakini nguvu lazima ipande kwa zaidi ya asilimia 3. Boti inayopaa na kukwama ndani ya kila pigo hulipia pale inapopaa zaidi ya inavyookoa pale inapokwama. Mapigo mengi yenye kishindo huongeza kupaa na kukwama huko.

Mshika usukani huyasikia haya mwilini. Boti ikiteleza vizuri, mgongo wake husukumwa taratibu na maji chini hutoa mluzi mrefu. Wakikimbilia, hutikiswa kichwa kwa kila pigo kama abiria wa gari lenye dereva asiyejua breki. Kifaa cha kawaida humpa wastani wa pigo zima, na mtikisiko wote humezwa ndani ya wastani huo. Namba ya 36 nzuri na 36 mbaya zinaandikwa sawa.

Mashine za mazoezi ya nchi kavu zinalionyesha hili waziwazi. Kwenye mashine ya Concept2, muda wa dakika 2:00 kwa mita 500 ni sawa na wati 202 hivi, na muda wa 1:40 ni wati 350. Watu wawili wanaweza kukaa bega kwa bega, wote wakipiga mapigo 24, mmoja akitoa wati 202 na mwenzake 350. Asiyejua akitazama kwa mbali atasema wanafanya kazi moja.

Kasi ipi: ya maji au ya nchi kavu?

Basi suluhisho ni kuongeza kasi kwenye skrini, na ndivyo watengenezaji walivyofanya. Lakini kasi nayo ina nyuso mbili. Kipimo cha zamani kinatumia kipanga, yaani pangaboi dogo lililofungwa chini ya boti. Maji hukizungusha, sumaku zilizomo hupita mbele ya kihisi, na kifaa huhesabu mizunguko. Hiki kinapima kasi ya boti ndani ya maji. GPS inapima kasi ya boti juu ya ardhi. Kwenye ziwa lililotulia hizo mbili ni mamoja. Mtoni si mamoja hata kidogo.

Tuseme wapigakasia wanaisukuma boti mita 5 kwa sekunde ndani ya maji, na mto unatiririka nusu mita kwa sekunde. Kipanga kitasoma 1:40 kwa mita 500, wakipanda mto au wakishuka. GPS itasoma 1:51 wakipanda na 1:31 wakishuka. Watu wale wale, jasho lile lile, tofauti ya sekunde 20. Mshika usukani asiyelijua hilo atawakaripia wenzake wakipanda na kuwasifu wakishuka, na wote watashangaa.

Watu huuliza ipi bora. Kwa kazi ya kupima wapigakasia mtoni, kipanga, bila kusita, mradi kimesahihishwa kwa umbali unaojulikana na hakijaviringiwa na majani. Jani moja tu linatosha kukisimamisha. Kwa kazi ya kuongoza boti, GPS ndiyo hasa. Mbio za Oxford na Cambridge kwenye mto Thames, kutoka Putney hadi Mortlake, karibu kilomita 6.8, hupigwa maji yakiwa yanajaa, na washika usukani wa pande zote mbili hugombania mstari mmoja mwembamba ambapo mkondo una nguvu zaidi. Hapo kasi juu ya ardhi ndiyo hasa unayoitaka: ikipanda bila mapigo kubadilika, umeupata mkondo, ikishuka, umeuacha, au mwenzako amekusukuma nje yake.

GPS ina tabia nyingine ya kukumbuka. Inalainisha namba zake ili zisiruke ndani ya kila pigo, na ulainishaji huo unaichelewesha. Mara baada ya kuchomoka mstarini, au boti ikitoka kwenye kona, usiisome kwa mapigo machache ya mwanzo. Na upepo unadanganya vipimo vyote viwili, maana hakuna kifaa cha boti kinachokuambia sekunde mbili ulizopoteza zimechukuliwa na upepo au na uvivu.

Sauti

Nimeandika mengi kuhusu namba, lakini ningelazimishwa kuchagua kazi moja tu ya kifaa hiki, ningechukua spika na kuacha mengine yote. Mtu wa omoni yuko zaidi ya mita 10 kutoka mdomoni mwa mshika usukani. Kati yao kuna watu saba wanaohema, magurudumu ya viti yanayonguruma, makasia yanayogonga kwenye mihimili yake, na maji. Upepo wa mbele huichukua sauti na kuirudisha kwa mwenyewe. Kabla ya umeme, mshika usukani alivaa pembe ya bati iliyofungwa kichwani kwa ukanda, na kwenye kamba za usukani palikuwa na vipande vya mbao alivyovigonga ubavuni mwa boti ili kuhesabu mapigo. Pembe ile ilipeleka sauti mbele tu, na ilimlazimu apige kelele mbio nzima.

Maikrofoni ilibadilisha lugha yenyewe. Spika zikiwa zimepangwa kwenye boti yote, mtu wa omoni anasikia sawa na wa tezini, na kwa wakati mmoja. Mshika usukani anaweza kunong'ona. Anaweza kushusha sauti katikati ya mbio ili watu watulie, kisha kuipandisha mita 500 za mwisho, na tofauti hiyo ikafanya kazi kuliko neno lolote. Wengi bado wanapiga kelele kwenye maikrofoni, na hapo amplifaya hufika mwisho wake, sauti inapasuka, na kinachofika omoni ni mkwaruzo. Nimesikia rekodi za namna hiyo: kutoka mwanzo hadi mwisho huambulii amri hata moja.

Hitilafu nazo ziko zaidi upande wa sauti kuliko wa namba. Waya wa maikrofoni hukatika ndani pale unapokunjika karibu na plagi, huku ganda la nje likiwa zima. Sponji ya maikrofoni ikilowa, sauti inazibwa. Maji ya chumvi hula ncha za shaba pale kifaa kinapokaa, na boti inakuwa na spika mbili kati ya nne. Ukaguzi wake ni mdogo: kabla ya kushusha boti majini, funga kila kitu, ongea kwa sauti ya kawaida, na umwombe kila mpigakasia ainamie kiti chake ajibu kama anasikia. Betri ichajiwe jana yake. Na kinga ya mwisho dhidi ya bahati mbaya: mshika usukani ajizoeze kuongoza kifaa kikiwa kimezimwa, kwa sababu siku moja kitajizima chenyewe mita 700 kabla ya mwisho.

Kinachoruhusiwa siku ya mbio

Shirikisho la dunia, World Rowing, linakataza mtu wa nje kuwapa maelekezo walio botini kwa kifaa chochote cha umeme wakati wa mbio. Kocha anaweza kuendesha baiskeli kandokando ya maji akipiga kelele, lakini sauti yake isipitie redio wala simu. Na vifaa vilivyomo botini vina orodha fupi ya vinavyoruhusiwa kupima: muda, mapigo kwa dakika, kasi na mchapuko wa boti, na mapigo ya moyo. Nguvu ya kila mtu kwenye kasia, ambayo vifaa vya mazoezi vinaweza kuipima vizuri, imebaki nje. Naona uamuzi huo ni wa busara. Vinginevyo mshika usukani angekuwa na orodha ya wavivu mbele yake mbio nzima, na hilo lingekuwa mchezo mwingine.

Uzito nao umewekewa mpaka. Mshika usukani asipungue kilo 55. Akipungua hujaziwa uzito wa ziada usiozidi kilo 15, nao huwekwa karibu naye kabisa. Kifaa cha sauti hakihesabiwi ndani ya uzito huo.

Kuitafuta namba ya boti yako

Kocha na mshika usukani wanaotaka kujua boti yao inapaswa kupiga ngapi hawahitaji kuiga ya mabingwa. Kuna jaribio linalojulikana: vipande vya dakika moja, kuanzia mapigo 24, kisha 28, 32, 34, 36, 38, kwa bidii ile ile na mapumziko ya kutosha katikati. Kwa kila kipande andika kasi, zidisha kwa 60, gawanya kwa mapigo, upate mita kwa kila pigo. Mita hizo zitapungua kadiri mapigo yanavyopanda, hilo ni la kawaida, na kasi itaendelea kupanda kwa muda. Kisha patafika mahali ambapo mapigo mawili zaidi hayaleti kasi yoyote. Boti moja itafika hapo kwenye 34, nyingine kwenye 38. Hapo ndipo pa kukaa katikati ya mbio, na mapigo ya juu yake yatunzwe kwa mita za mwisho.

Kama ni mtoni, kila kipande kipigwe mara mbili, kupanda na kushuka, na kasi zichukuliwe wastani, la sivyo mkondo utaandika majibu badala ya wapigakasia. Jaribio lirudiwe kila timu inapobadilisha mtu, makasia, au hata nafasi za kukaa. Mara nyingi kinachoisogeza namba hiyo juu ni majuma ya mazoezi kwenye mapigo 18, mtu akijifunza kurejea bila kukimbilia.